Muulize Sista: Chumvi, maji na dawa za presha

Barua nyingi mlizoniletea mwezi huu zinahusu chumvi. Kuna aliyeiondoa jikoni kabisa, kuna anayenunua ya rangi ya waridi kwa bei ya juu, na kuna mwenye mgonjwa wodini aliyeambiwa sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, imeshuka, asipate mtu wa kuketi naye amweleze. Nimezijibu kwa urefu tofauti kwa kuwa uzito wake haulingani. Katika miaka yangu ya wodini, kwanza ya wagonjwa wa kawaida kisha ya figo, nimewauguza walioletwa kwa sababu ya chumvi nyingi na walioletwa kwa sababu ya chumvi kidogo, wamelazwa vitanda jirani. Ndiyo maana mtu akiniuliza kama chumvi ni mbaya, mimi humwuliza kwanza: figo zako zikoje, una umri gani, na unameza dawa gani?

Sista, habari ya kazi. Mama yangu ana miaka 74 na tunaishi naye Umoja. Ana presha tangu zamani. Mwaka huu kliniki walimwongezea kidonge cha kumkojoza na wakasema apunguze chumvi. Sisi tukaitoa kabisa. Ndugu yangu naye akasoma kwenye simu kwamba wazee wanywe lita nne za maji kwa siku ili kusafisha figo, tukamwekea jagi kando ya kiti chake. Baada ya wiki chache akaanza kuyumba akitembea, akawa hataki chakula, halafu akaniita kwa jina la dada yake aliyefariki. Tulidhani ni uzee, au malaria. Hospitalini wakapima wakasema sodiamu ni 114. Wamemlaza, lakini wanampandisha polepole mno: jana 114, leo 119. Kwa nini wasimpe chumvi ya kutosha mara moja tumrudishe nyumbani? Na akitoka tumpikie nini? – Binti, Umoja

Pole sana, binti yangu. Nianze na hilo la polepole, maana najua mnaketi kwenye benchi la wodi mkinung'unika. Hao wanaompandisha mama taratibu wanaulinda ubongo wake.

Sodiamu ya damu kwa kawaida huwa kati ya 135 na 145, kipimo chake ni milimoli kwa lita. Namba hiyo haisemi tu mtu amekula chumvi kiasi gani. Inasema chumvi ni kiasi gani ikilinganishwa na maji yaliyopo. Mama yenu maji yalimzidi. Damu ikishakuwa nyepesi hivyo, maji huhamia ndani ya seli, na seli huvimba. Mguu ukivimba una nafasi. Ubongo umo ndani ya fuvu na hauna pa kwenda. Ndiyo maana dalili huanza na kichefuchefu, kichwa na kuyumba, zikafuata kuchanganyikiwa, na zikiachwa huishia kwenye degedege na kuzirai.

Sasa, sodiamu ikishuka kwa siku nyingi kama kwa mama, seli za ubongo hujihami kwa kutoa nje sehemu ya chumvi zake ili zisivimbe kupita kiasi. Zikishazoea hali hiyo, ukipandisha sodiamu ya damu kwa ghafla, maji yanazitoka kwa kasi na ule utando unaofunika mishipa ya fahamu unaharibika. Mgonjwa anaamka, anacheka, familia inashangilia, kisha baada ya siku kadhaa anashindwa kusema, kumeza, hata kuinua mkono. Madhara hayo huenda yasiondoke. Kwa sababu hiyo madaktari hujiwekea mpaka: sodiamu isipande zaidi ya 8 hadi 10 kwa saa 24, na kwa mtu aliyedhoofu au mwenye potasiamu ya chini wanabaki 8 au pungufu. Kutoka 114 hadi 119 kwa siku ni mwendo mzuri. Anayepata degedege ndiye hupewa maji ya chumvi kali ya asilimia 3 kidogo kidogo, ili apande namba chache haraka atoke hatarini, kisha nao wanafunga breki.

Kwa hiyo tafadhali, msimpenyezee supu ya chumvi kwenye thamosi saa ya kuona wagonjwa. Nimezifungua thamosi hizo. Zinaletwa kwa mapenzi, na zinavuruga hesabu ya daktari ambaye hajui zimeingia.

Kilichomwangusha si kitu kimoja. Kidonge cha kukojoza, hasa kile kinachoitwa haidroklorothayazaidi, huifanya figo ipoteze sodiamu na ishindwe kutoa maji ya ziada, na wanaoathirika zaidi ni wazee, tena wanawake wembamba. Juu yake mkaweka jagi. Na la tatu hukuliandika, lakini naweza kulikisia: mtu asiyetaka chakula hubaki na chai, mkate na uji mwepesi. Figo haiwezi kutoa maji matupu. Inahitaji chumvi na mabaki ya protini ili mkojo utoke nayo. Bibi anayeishi kwa chai na mkate anaweza kuzidiwa na maji ambayo mjukuu wake angeyakojoa bila kujua.

Akitoka, bebeni pakiti zote za dawa mkamwonyeshe daktari moja moja, muulize ipi imesimamishwa. Zilizosimamishwa zitolewe nyumbani, zisibaki kwenye kikapu cha dawa, kwa sababu mzee huzirudia kwa mazoea. Msimwachishe dawa nyingine ya presha kwa hofu. Jagi liondoke. Kama daktari amempa kikomo cha maji, mjue chai, uji, supu na maziwa vyote vinahesabiwa humo. Apikiwe chakula kile kile cha nyumba chenye chumvi ya kiasi: shirika la WHO linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, pamoja na ile iliyomo tayari kwenye mkate na vya pakiti. Kila siku apate yai, au samaki, au ndengu, au maziwa lala. Na msitoke hapo hospitalini bila tarehe ya kurudia kipimo cha damu ndani ya wiki moja au mbili.

Kipimo chenyewe kwenye karatasi huandikwa UEC. Huonyesha sodiamu, potasiamu na hali ya figo kwa damu ya chupa moja. Kwa maoni yangu, mtu aliyepita miaka 65 asianzishiwe kidonge cha kukojoza bila kupimwa UEC kabla, na tena wiki chache baadaye. Mkiambiwa si lazima, ombeni kwa heshima, kisha ombeni tena.

Dada Sista, mimi ni mpishi wa githeri Kariobangi. Mteja wangu mmoja ana presha, ameniambia hatumii chumvi lakini anaweka magadi kwenye maharagwe yake nyumbani, eti magadi si chumvi. Ni kweli? Na mimi niache kuweka? – Mama Githeri

Mteja wako amekosea, na yuko na wenzake wengi. Kinachodhuru mwenye presha kwenye chumvi ni sodiamu, na magadi ya Ziwa Magadi, kule Kajiado, ni sodiamu kwa wingi: karibu asilimia 30 ya uzito wake, wakati chumvi ya mezani ina karibu asilimia 40. Tuyapime. Kijiko cha chai cha magadi, tuseme gramu 5, kina miligramu 1,500 hivi za sodiamu. Kiwango cha siku nzima cha WHO ni 2,000. Nyumbani kwake, sufuria ya watu wanne, kila mmoja anameza karibu miligramu 375 kabla hata ya chumvi yenyewe kuguswa. Kwako, kijiko hicho hicho kikiingia kwenye sufuria ya sahani ishirini, kila sahani inapata 75, na hiyo si ya kukunyima usingizi. Kwako ningeangalia zaidi unga wa mchuzi wa pakiti. Geuza pakiti usome: mara nyingi chumvi ndiyo inayotajwa kwanza.

Hata hivyo ningependa uyaache, dada, kwa sababu nyingine. Magadi huua vitamini B1 kwenye maharagwe, na yale ya mabonge yasiyosafishwa huwa na floridi inayowatia watoto madoa ya kahawia kwenye meno. Loweka maharagwe na mahindi usiku kucha, mwaga maji yale, anza na mapya. Utaokoa makaa pia.

Wale wenzetu wa magharibi wanaopikia mrenda maji ya majivu, msherekha, mjue hiyo ni habari tofauti. Majivu ya mimea yana potasiamu zaidi kuliko sodiamu. Kwa mwenye figo nzima si neno. Kwa mgonjwa wa figo ni hatari, na nitaifikia kwenye barua ya mwisho.

Sista, mtoto ana miezi minane, anakataa ndizi iliyopondwa bila chumvi. Niweke kidogo tu? – Mama wa kwanza, Zimmerman

Hapana, mwanangu. Kabla ya mwaka mmoja asiwekewe chumvi. Figo zake bado changa na maziwa ya mama yana ya kumtosha. Anakataa kwa sababu chakula ni kigeni kwake. Mpe tena kesho, na keshokutwa.

Sista, mtoto wangu wa mwaka mmoja na nusu aliharisha wiki iliyopita. Dukani walinipa ORS. Hakupenda ladha, jirani akaniambia nichanganye nusu pakiti kwenye kikombe, wengine wakasema soda ya moto iliyotolewa gesi ndiyo nzuri. Amepona, lakini nataka kujua kwa siku nyingine. – Mama, Mukuru

Nashukuru amepona na nashukuru zaidi umeuliza akiwa mzima.

Chukua pakiti, usome nyuma imeandikwa maji kiasi gani. Nyingi za hapa kwetu ni za nusu lita, nyingine za lita moja. Kama ni ya nusu lita, chupa ya maji ya ml 500 ndiyo kipimo chako, imejazwa hadi pale maji huwa yamefikia ikiwa mpya. Mimina maji safi, yaliyochemshwa yakapoa au yaliyotiwa dawa, tia pakiti nzima, tikisa. Nusu pakiti kwenye kikombe ni kubahatisha. Ikiwa kali, mtoto anayepungukiwa maji anazidishiwa sodiamu na hali inakuwa mbaya. Ikiwa nyepesi mno, haimrudishii alichopoteza. Usionje ukaongeza sukari, usitie juisi. Ikipita saa 24, mwaga.

Soda, iwe ya moto iwe ya baridi, ina sukari nyingi mno na sodiamu kidogo mno. Sukari hiyo huvuta maji yaje tumboni, na kuhara kunazidi. ORS imepimwa makusudi: katika lita moja, glukosi ni gramu 13.5, chumvi gramu 2.6, kuna na potasiamu na sitrati. Ukuta wa utumbo hupokea glukosi na sodiamu kwa pamoja, moja ikimshika mwenzake, na maji huzifuata. Njia hiyo haifi hata utumbo ukiwa umeshambuliwa na kipindupindu. Mwaka 1971, kwenye kambi ya wakimbizi huko Bangaon, India, dripu zilipokwisha, daktari Dilip Mahalanabis na wenzake waliwanywesha wagonjwa wa kipindupindu mchanganyiko wa namna hii, ukichotwa kwenye mapipa. Vifo vilikuwa karibu asilimia 30, vikashuka hadi chini ya asilimia 4. Kila nikisikia mama akiambiwa ORS ni maji ya chumvi tu, nakumbuka namba hizo.

Ladha hakuipenda kwa sababu ulimpa kikombe. Mpe kwa kijiko, kijiko kimoja kila dakika moja au mbili, ukiwa umempakata. Akitapika, ngoja dakika kumi, uanze tena taratibu zaidi. Kila akiharisha, aliye chini ya miaka miwili apate ml 50 hadi 100, nusu ya kikombe kidogo cha chai, na mkubwa zaidi ml 100 hadi 200. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Na uliza zinki: mtoto aliyetimiza miezi sita hupewa miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma mapema. Wengi wanaacha siku ya tatu.

Kama ni usiku na hakuna pakiti, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa kisu. Mchanganyiko huo hauna potasiamu, ni wa kuvukia usiku hadi duka lifunguliwe. Uwe mwangalifu na chumvi kuliko kitu chochote hapo.

Jifunze kufinya ngozi ya tumbo, kati ya kitovu na ubavu, kwa vidole viwili, kisha kuachilia. Ngozi ya mtoto mwenye maji ya kutosha hurudi papo hapo. Ikikaa imesimama, au macho yamedidimia, au amelegea hawezi kunywa, au kinyesi kina damu, usikae unachanganya pakiti nyumbani. Mbebe, nenda kituo cha afya, ukimnywesha njiani. Na mtoto aliyedhoofu sana kwa utapiamlo aende mara moja hata bila dalili hizo, kwa kuwa yeye ana mchanganyiko wake tofauti.

Sista, mimi ni dereva wa matatu. Nikichoka sana napitia kliniki moja mtaani nawekwa dripu mbili za nguvu. Presha huwa juu kidogo wakati mwingine. Kuna shida? – Dereva, Kawangware

Iko, kaka. Dripu ya kawaida ya maji ya chumvi ina gramu 9 za chumvi kwa kila lita. Chupa mbili za nusu lita zimekuingizia gramu 9, karibu ya siku mbili, moja kwa moja kwenye mshipa, na wewe una presha. Ile ya sukari ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari kwa nusu lita, vijiko sita hivi vya chai. Hakuna nguvu nyingine iliyofichwa humo. Dripu ni ya mtu asiyeweza kunywa, aliyepoteza damu, au anayetapika hakitulii kitu. Pesa hiyo kapimie presha, sukari na wingi wa damu, na uwaambie unalala saa ngapi.

Sista, mambo. Ninajiandaa kwa nusu marathoni ya hapa Nairobi. Jumapili hukimbia kutoka Kasarani hadi Karura na kurudi, na nimeambiwa ninywe maji kila ninapoyaona. Juzi nilimaliza kichwa kikigonga, vidole vimevimba, pete haitoki, nikatapika. Rafiki akasema ni upungufu wa maji, niongeze. Huwa nameza diklofenaki kabla ya kuanza kwa ajili ya goti. – Kijana wa mbio

Usiongeze, mwanangu. Mtu aliyekaukiwa maji pete haimbani. Kidole kilichovimba, kichwa kinachogonga na kutapika baada ya kunywa kila kituo, kwangu mimi vinaonyesha maji yaliyozidi chumvi ya damu, jambo lile lile lililomlaza yule mama wa Umoja, ila wewe umelifikia kwa saa chache. Likitokea kwa kasi hivyo ni la hatari zaidi, kwa kuwa ubongo haujapata muda wa kujihami.

Mwaka 2002 watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza Boston Marathon. Asilimia 13 sodiamu yao ilikuwa imeshuka, na waliokuwa hatarini zaidi ni waliomaliza wakiwa wazito kuliko walivyoanza. Hiyo inakupa kipimo cha bure. Panda mizani kabla ya kutoka na ukirudi. Ukirudi umepungua kilo moja, ni sawa. Ukirudi umeongezeka, ulikunywa kupita ulivyotoa jasho. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na asubuhi zake ni baridi. Jasho lako hapa si la Mombasa, basi usichukue ratiba ya kunywa ya mtu wa Mombasa. Kunywa ukiwa na kiu. Vinywaji vya michezo navyo havikuokoi ukivinywa bila kiasi, kwa kuwa sodiamu yake iko chini sana kuliko ya damu. Dafu ni zuri kwa potasiamu, lakini jasho hutoa sodiamu zaidi. Ndizi vivyo hivyo. Baada ya mbio, hindi la kuchoma lililopakwa ndimu na pilipili ya chumvi linakufaa, nawe kula bila wasiwasi kama huna presha.

Diklofenaki kabla ya kukimbia iache kabisa. Huifanya figo ishikilie maji wakati ule ule unaoyamimina, na inaweza kuiumiza. Goti lipeleke kwa daktari. Na mwambie anayekimbia nawe: siku ukianza kuropoka au kuanguka baada ya mbio, asikupe maji. Akupeleke hospitali yenye maabara na awaambie hivi, "amekunywa maji mengi sana," ili asiwepo wa kukutundikia chupa nyingine kwa haraka.

Je, chumvi ya waridi ya supamaketi ni bora kwa presha? – Msomaji, Kilimani

Hapana. Sodiamu yake ni karibu sawa na ya kawaida, na madini mengine ni machache mno kukusaidia. Chumvi ya kawaida ya Kenya huwekwa iodini kwa sheria, ndiyo inayotukinga na rovu. Angalia kama hiyo ya waridi inayo, nyingi hazina.

Salamu Sista. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina kisukari na presha. Natumia losatani na spironolaktoni. Kliniki walisema figo zimeanza kuchoka kidogo. Mke wangu, kwa kunijali, amenunua chumvi ya sodiamu kidogo, na tunaipenda kwa sababu ina ladha. Miguu imekuwa haina nguvu siku hizi. – Mzee, Buruburu

Mzee wangu, simamisha chumvi hiyo leo, na kesho asubuhi kapime UEC na kipimo cha umeme wa moyo. Usingoje tarehe ya kliniki. Moyo ukienda mbio au ukiruka mapigo, au miguu ikizidi kulegea, usingoje hata kesho, nenda usiku huo.

Chumvi ya sodiamu kidogo imepunguzwa sodiamu kwa kuwekewa kloridi ya potasiamu. Figo ndiyo inayotoa karibu potasiamu yote tunayokula. Zako zimechoka, losatani inapunguza utoaji huo, na spironolaktoni inaupunguza tena. Damu inatakiwa kuwa na potasiamu ya 3.5 hadi 5 hivi. Ikipita 6, moyo unaweza kupoteza mdundo wake na kusimama, na mara nyingi hautoi onyo zaidi ya huo udhaifu wa miguu unaoutaja.

Sitaki wasomaji waitupe chumvi hii wote. Nchini China waliwafuatilia karibu watu 21,000 vijijini, wengi wakiwa wamewahi kupata kiharusi. Waliopewa chumvi ambayo robo yake ni kloridi ya potasiamu walipata viharusi pungufu kwa asilimia 14 kuliko waliobaki na ya kawaida. Matokeo yalitoka mwaka 2021. Lakini wenye ugonjwa mkubwa wa figo na wanaotumia dawa zinazozuia potasiamu kutoka hawakuingizwa humo. WHO ilipoishauri Januari 2025, nayo iliwatoa wenye figo mbovu, wajawazito na watoto. Mke wako, kama figo zake ni nzima na hana dawa za aina yako, anaweza kuitumia kwenye sahani yake, mtungi wake ukiwa na alama. Sufuria ipikwe bila hiyo.

Wewe ladha itafute kwa ndimu, dania, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili, na chumvi ya kawaida kidogo. Matunda usiyakimbie kabla ya majibu. Potasiamu ikiwa sawa, ndizi yako moja na kipande cha parachichi haviulizwi. Ikiwa juu, ndipo utapunguza dafu, parachichi, viazi vitamu na mchuzi mzito wa nyanya, na viazi utavimenya, uvikate vidogo, uvichemshe kwa maji mengi kisha uyamwage. Msherekha usiukaribie. Wala diklofenaki na ibuprofeni za mgongo. Hizo zinazibana figo na kupandisha potasiamu kwa pamoja.

Na andika namba ya simu ya kliniki kwenye kadi ya dawa. Siku ukipata kuhara au kutapika kiasi cha kushindwa kushikilia maji, piga kabla ya kumeza losatani na spironolaktoni za siku hiyo, uwaulize kama uzisimamishe hadi utakapokula tena. Kama unatumia metformini ya kisukari, itaje kwenye simu hiyo hiyo.